Chama kilishinda, kiongozi wake hakutawala: nani hasa mwenye neno la mwisho Thailand?

Swali: "Nafuatilia habari za Thailand kwa sababu mdogo wangu anafanya biashara ya vito Arusha na anajiandaa kwenda Bangkok na Chanthaburi kuuza mawe, na huenda akakaa huko miezi kadhaa. Ninachokisoma kinanichanganya. Mwaka 2023 chama cha Move Forward kilishinda uchaguzi, lakini kiongozi wake, Pita Limjaroenrat, hakuwa Waziri Mkuu, na baadaye chama chenyewe kikafutwa. Akaja Srettha Thavisin, mahakama ikamwondoa. Akaja Paetongtarn Shinawatra, mahakama ikamwondoa naye. Hapa kijiweni wapo wanaosema mfalme ndiye anayeamua kila kitu, wapo wanaosema ni jeshi, na wapo wanaosema huko hakuna serikali kabisa. Ukweli ni upi? Na je, mdogo wangu awe na hofu?"

Ndugu msomaji, nimekuelewa kwamba una mashaka ya aina mbili: kwanza unataka kujua kura za Wathai zinapotelea wapi, na pili unaogopa kwamba nchi ambayo mawaziri wakuu wake wanaanguka kila mwaka ni nchi isiyo salama kwa mgeni aliyebeba mali ya thamani mfukoni. Nitaanza na la kwanza, kwa sababu ukilielewa hilo, la pili linakuwa jepesi zaidi ya unavyodhani, ingawa lina sehemu moja ambayo si ya kufanyia mzaha.

Jibu langu kwa ufupi ni kwamba tangu mwaka 2014 neno la mwisho halijakaa kwa mtu mmoja aliyejificha nyuma ya pazia, bali limekaa katika mnyororo wa uteuzi ambao umeandikwa waziwazi ndani ya katiba. Baraza la kijeshi lililotwaa madaraka mwaka huo liliteua Seneti. Seneti ndiyo inayoidhinisha majaji wa Mahakama ya Katiba na wajumbe wa tume huru. Na majaji na tume hizo zina uwezo wa kumwondoa mbunge, kumwondoa Waziri Mkuu na kukifuta chama kizima. Anayetaka kuielewa Thailand namshauri asianze kwa kuuliza nani kashinda uchaguzi, bali aulize nani kamteua yule atakayekuja kumhukumu mshindi.

Kabla ya kuufuata mnyororo huo, turekebishe hesabu ya mwaka 2023, kwa maana hapo ndipo mazungumzo mengi ya kijiweni yanapopotoka. Baraza la Wawakilishi la Thailand lina viti 500, yaani 400 vya majimbo na 100 vya orodha za vyama. Katika uchaguzi wa tarehe 14 Mei 2023, Move Forward ilipata viti 151, ikafuatiwa na Pheu Thai, chama cha familia ya Shinawatra, kilichopata 141. Kwa hiyo Move Forward iliongoza, na mjini Bangkok ilichukua viti 32 kati ya 33, lakini haikuwa na wingi wa kutawala peke yake. Hilo si jambo la ajabu katika nchi yenye vyama vingi, na wala halikuwa kikwazo chenyewe, kwa sababu ndani ya muda mfupi vyama vinane vilikubaliana kuunda serikali ya pamoja yenye viti 312. Katika mabunge mengi ya dunia, mwenye wabunge 312 kati ya 500 angeapishwa wiki hiyohiyo.

Wala Waziri Mkuu wa Thailand hapigiwi kura na wananchi moja kwa moja, na pia hateuliwi na rais kisha akathibitishwa na Bunge kama ilivyo Tanzania. Kila chama hupeleka majina yasiyozidi matatu kabla ya uchaguzi, na chama kisichopata angalau viti 25 hakiruhusiwi kumpendekeza mtu wake. Baada ya hapo bunge humchagua mmojawapo, na mfalme humteua rasmi yule aliyechaguliwa. Tatizo la mwaka 2023 lilikuwa katika maana ya neno "bunge". Kwa kifungu cha mpito cha katiba ya 2017, kifungu cha 272, katika miaka mitano ya kwanza Waziri Mkuu alichaguliwa na mabaraza mawili yakiketi pamoja: wawakilishi 500 waliochaguliwa, na maseneta 250 ambao hakuna mwananchi aliyewapigia kura. Nafasi sita kati ya hizo 250 zilitengwa kwa ajili ya makamanda wa majeshi, mkuu wa polisi na katibu mkuu wa Wizara ya Ulinzi kwa nyadhifa zao, na nyingine zote zilipitia mkononi mwa baraza la kijeshi.

Tarehe 13 Julai 2023 jina la Pita lilipigiwa kura. Alihitaji kura 375, akapata 324, na kati ya hizo ni 13 tu zilizotoka kwa maseneta. Wengi wa wale waliomkatalia hawakupiga hata kura ya hapana, bali walijizuia kupiga kura, jambo ambalo kwa hesabu ya namna hii lina uzito uleule wa kukataa. Siku sita baadaye Mahakama ya Katiba ilimsimamisha ubunge kwa tuhuma za kumiliki hisa 42,000 za kampuni ya iTV, kituo cha televisheni kilichoacha kurusha matangazo tangu 2007, kwa kuwa sheria inamkataza mgombea kumiliki chombo cha habari. Siku hiyohiyo bunge likaamua kwamba jina lililokwisha kukataliwa lisiletwe tena katika kikao kilekile. Pheu Thai wakaachana na wenzao, wakaungana na vyama vilivyokuwa karibu na jeshi, na tarehe 22 Agosti mgombea wao, Srettha Thavisin, akapita kwa kura 482, maseneta sasa wakiwa wepesi wa kuinua mikono. Asubuhi ya siku hiyo Thaksin Shinawatra, Waziri Mkuu aliyepinduliwa mwaka 2006 na kichwa cha familia hiyo, aliyekuwa ughaibuni kwa miaka 15 hivi, alitua Bangkok kwa ndege yake. Sina haja ya kudai kwamba mambo haya mawili yalipangwa pamoja. Wathai wenyewe walifanya hesabu yao.

Mahakama hiyohiyo ilimsafisha Pita katika kesi ya hisa mwezi Januari 2024, na hilo nalitaja makusudi, kwa sababu wapo wanaoandika kana kwamba majaji hawa hawajawahi kumpa haki mtu wa upande ule. Lakini wiki moja baada ya hapo ilitoa hukumu nyingine, kwamba kampeni ya Move Forward ya kutaka kurekebisha kifungu cha 112 cha Kanuni ya Adhabu, kile kinacholinda heshima ya mfalme, ilikuwa jaribio la kuupindua mfumo wa utawala. Tarehe 7 Agosti 2024 chama kikafutwa na viongozi wake 11 wakafungiwa siasa kwa miaka 10. Wabunge waliobaki walihamia chama kipya, Chama cha Wananchi, ndani ya siku mbili, chini ya Natthaphong Ruengpanyawut.

Sasa tuufuate mnyororo wenyewe. Mahakama ya Katiba ina majaji tisa: watatu kutoka Mahakama ya Juu, wawili kutoka Mahakama ya Juu ya Utawala, wanazuoni wawili, mmoja wa sheria na mwingine wa sayansi ya siasa, na wawili kutoka miongoni mwa watumishi wakubwa wa serikali. Wanakaa miaka saba, kipindi kimoja tu. Ukiisoma orodha hiyo hivihivi utaona ni mpango wa heshima kabisa. Lakini hakuna anayeingia humo bila kuidhinishwa na Seneti, na hali ni hiyohiyo kwa Tume ya Uchaguzi na Tume ya Taifa ya Kupambana na Rushwa. Zaidi ya hayo, katiba imewapa maseneta haki ya kupeleka mashauri mahakamani humo. Shauri lililomwangusha Srettha lilipelekwa na maseneta 40 wa ile Seneti ya uteuzi, wakiwa katika siku zao za mwisho madarakani. Hoja yao ilikuwa kwamba alimteua waziri, Pichit Chuenban, aliyewahi kufungwa miezi sita mwaka 2008 kwa kuidharau mahakama, na kwa hiyo Srettha alikosa uadilifu wa wazi unaotakiwa na katiba. Tarehe 14 Agosti 2024 majaji watano walikubali na wanne wakakataa. Nchi yenye watu zaidi ya milioni 65 ilibadilisha mkuu wa serikali kwa tofauti ya jaji mmoja.

Paetongtarn, binti wa Thaksin, aliyeshika nafasi siku mbili baadaye akiwa na umri wa miaka 37, alianguka kwa njia inayofanana. Mwezi Juni 2025, wakati uhusiano na Kambodia ulikuwa umechafuka kwa sababu ya mpaka, yalivuja mazungumzo yake ya simu na Hun Sen, mtawala wa siku nyingi wa Kambodia, ambamo alimwita mjomba na kumsema vibaya kamanda wa jeshi la Thailand anayesimamia eneo la mpakani. Maseneta 36 wakapeleka shauri, mahakama ikamsimamisha tarehe 1 Julai, na tarehe 29 Agosti ikamwondoa kwa kura sita dhidi ya tatu. Hawa maseneta hawakuwa wale wa jeshi. Muda wa wale uliisha Mei 2024, na mahali pao waliingia 200 wapya waliopatikana kwa utaratibu wa kipekee: waombaji walijigawa katika makundi 20 ya taaluma na kazi, wakapigiana kura wao kwa wao, wilayani, mkoani, kisha kitaifa, huku mwananchi wa kawaida akibaki mtazamaji. Wengi wa walioshinda wanatajwa kuwa karibu na chama cha Bhumjaithai, na mwaka 2025 vyombo vya dola vilifungua uchunguzi kuhusu madai ya kupanga kura, madai ambayo chama hicho kimeyakanusha. Ni kiongozi wa chama hicho, Anutin Charnvirakul, aliyechukua uwaziri mkuu Septemba 2025, akibebwa na kura za Chama cha Wananchi, ambacho kilimpa kura hizo kwa masharti, lile kubwa likiwa alivunje Baraza la Wawakilishi ndani ya miezi minne.

Utaona basi kwamba hata baada ya kifungu cha 272 kuisha muda wake na Seneti kupoteza kura ya kumchagua Waziri Mkuu, mnyororo wa uteuzi umebaki. Wanahabari wengi waliandika mwaka 2024 kwamba meno ya Seneti yameng'oka. Mimi naona limeng'oka moja. Lile la kuidhinisha majaji lipo, na lipo la kuzuia mabadiliko ya katiba, kwani kifungu cha 256 kinataka angalau theluthi moja ya maseneta wakubali, yaani watu 67 kati ya 200. Waweza kuwa na wabunge 400 nyuma yako na bado usibadilishe mstari mmoja.

Huenda ukauliza mambo haya yalianzaje, maana katiba hazioti kama uyoga. Tarehe 24 Juni 1932 kikundi kidogo cha maofisa wa jeshi na watumishi wa umma, wengi wao wakiwa wamesoma Ulaya, kiliumaliza utawala wa mfalme usio na mipaka bila umwagaji mkubwa wa damu. Vichwa vyake viwili maarufu walikuwa mwanasheria Pridi Banomyong na ofisa wa jeshi Phibunsongkhram, nao hawakukubaliana kamwe kuhusu nchi waliyotaka kuijenga. Mfalme Prajadhipok alijiuzulu mwaka 1935 akiwa Uingereza. Tangu hapo nchi imepitia katiba 20 na mapinduzi ya kijeshi zaidi ya 10 yaliyofanikiwa, na mara nyingi utaratibu ni ule ule: katiba inafutwa, ya muda inaandikwa, waliopindua wanajisamehe ndani yake, kisha ya kudumu inatungwa.

Nayapita haraka mengi ya miaka hiyo, ingawa mwezi Oktoba 1973, wanafunzi walipouangusha utawala wa kijeshi, na tarehe 6 Oktoba 1976, walipouawa ndani ya Chuo Kikuu cha Thammasat, ni siku ambazo Mthai wa umri fulani hazizungumzi kwa sauti ya kawaida. Kwa swali lako, mwaka wa muhimu ni 1997. Miaka mitano kabla yake, Mei 1992, askari waliwafyatulia risasi waandamanaji mjini Bangkok waliompinga jenerali aliyetwaa uwaziri mkuu bila kugombea ubunge. Katiba ya 1997, iliyoandikwa na baraza la watu 99 na kujadiliwa kuliko nyingine yoyote kabla yake, ilikuwa jibu la damu ile. Ilikusudia mambo mawili kwa wakati mmoja: kuwa na Waziri Mkuu mwenye nguvu, ili serikali za mseto zisianguke kila msimu, na kuwa na walinzi wenye nguvu wa kumchunga. Ndipo zilipozaliwa Mahakama ya Katiba, Tume ya Uchaguzi na tume ya rushwa kwa sura ya leo. Seneti iliyokuwa inawateua walinzi hao ilichaguliwa yote na wananchi. Hilo ndilo lililobadilishwa baadaye, na kwa maoni yangu ndilo jambo kubwa kuliko yote katika habari hii, kubwa kuliko mapinduzi yenyewe.

Thaksin Shinawatra aliingia kupitia mlango huo mwaka 2001. Alikuwa tajiri wa simu, akaahidi matibabu kwa baht 30 (baht ni sarafu ya Thailand) na mfuko wa baht milioni moja kwa kila kijiji, na tofauti na wengi waliomtangulia, akatekeleza. Mikoa ya kaskazini na ya kaskazini mashariki, ambayo wanasiasa wa Bangkok walikuwa wakiikumbuka wakati wa kura tu, iliona kwa mara ya kwanza kwamba kura inaleta dawa hospitalini. Mwaka 2005 alipata viti zaidi ya 370 kati ya 500. Lakini sitakuwa nimekujibu kwa haki nikikuacha uamini kwamba hofu ya wapinzani wake ilikuwa chuki tupu ya watu wa mjini. Vita vyake dhidi ya dawa za kulevya mwaka 2003 viliacha watu zaidi ya 2,000 wamekufa ndani ya miezi mitatu. Familia yake iliuza hisa za kampuni yao kwa Temasek, kampuni ya uwekezaji ya serikali ya Singapore, mwezi Januari 2006 kwa takriban baht bilioni 73 bila kulipa kodi ya faida. Vyombo vilivyotakiwa kumchunga vilikuwa vimeanza kujaa watu wake. Walinzi wa 1997 walionekana kushindwa kazi, na hapo ndipo waliokuwa na bunduki walipopata kisingizio.

Mapinduzi ya tarehe 19 Septemba 2006 yalifanyika Thaksin akiwa New York. Katiba ya 2007 iliirudisha nusu ya Seneti katika uteuzi na kuipunguza Mahakama ya Katiba kutoka majaji 15 hadi tisa. Chama chake, Thai Rak Thai, kilifutwa Mei 2007. Warithi wake wakashinda tena, na Waziri Mkuu wao Samak Sundaravej akaondolewa Septemba 2008 kwa sababu alilipwa fedha za kuendesha kipindi cha mapishi kwenye televisheni, malipo ambayo mahakama iliyaona kuwa ajira. Chama cha Samak nacho kikafutwa Desemba. Mwaka 2010 wafuasi wa Thaksin, waliojulikana kwa mashati yao mekundu, walipoijaza Bangkok kudai uchaguzi, zaidi ya watu 90 walikufa. Yingluck, dada yake Thaksin, akashinda 2011, mahakama ikamwondoa tarehe 7 Mei 2014 kwa kumhamisha ofisa mmoja wa usalama wa taifa, na wiki mbili baadaye, tarehe 22 Mei, Jenerali Prayut Chan-o-cha akapindua kilichobaki. Ni Prayut aliyesimamia uandishi wa katiba ya sasa. Ilipitishwa kwa kura ya maoni Agosti 2016, kwa takriban asilimia 61, katika mazingira ambayo baadhi ya waliofanya kampeni ya kuikataa walikamatwa. Kura ya Seneti kwa Waziri Mkuu iliingizwa kama swali la pili kwenye karatasi hiyohiyo, kwa lugha ndefu ambayo wapigakura wengi waliisoma bila kujua inawapokonya nini.

Je, mfalme? Hapa lazima niwe mwangalifu bila kukwepa. Kisheria mfalme wa Thailand yuko juu ya siasa. Huteua kile kilichoamuliwa na bunge na kutia saini sheria. Kivitendo heshima na ushawishi wa kasri ni mkubwa, na mifano ya wazi ipo. Mfalme Bhumibol, aliyetawala miaka 70 hadi kifo chake tarehe 13 Oktoba 2016, aliwaita viongozi wawili waliokuwa wakigombana mwaka 1992 wakapiga magoti mbele yake huku nchi nzima ikitazama, na vurugu zikakoma. Mwezi Aprili 2006 aliwahimiza majaji watafute njia ya kuukwamua mgogoro wa uchaguzi, na wiki mbili baadaye uchaguzi ukabatilishwa. Wasomi wengi wanaanza kuhesabu enzi ya siasa za mahakamani kutoka hapo. Mfalme wa sasa, Vajiralongkorn, aliomba baadhi ya vifungu vya katiba vibadilishwe Januari 2017, baada ya wananchi kuwa wameshaipigia kura. Mwaka 2019 vikosi viwili vya jeshi vilihamishwa moja kwa moja chini ya kasri. Hayo ni ya kumbukumbu za umma. Lakini kutoka hapo hadi kusema kwamba kila Waziri Mkuu anaondolewa kwa simu ya mfalme ni kuruka mto usioona ng'ambo yake. Maelezo ya simu ya siri yana kasoro kubwa kuliko kukosa ushahidi: yanawapa nafuu maseneta, majaji na vyama vinavyobadilisha upande usiku, ambao wote wana masilahi yao na wanayatetea mchana kweupe.

Kuhusu jeshi, nakukubalia kwa sehemu kubwa. Mapinduzi yalikuwa chombo chake cha kawaida, na hakuna anayeweza kuapa kwamba limekitupa. Hata hivyo, tangu 2014 halijahitaji kifaru, kwa sababu kazi ambayo zamani ilifanywa alfajiri na vifaru inafanywa saa tisa alasiri na majaji wanaosoma hukumu. Gharama yake ni ndogo zaidi kwa uchumi na kwa sifa ya nchi, na ndiyo maana nadhani njia hii itatumika kwanza muda wote itakapopatikana.

Sasa nije kwa mdogo wako. Dai la kwamba huko hakuna serikali ndilo lililo mbali zaidi na ukweli. Thailand ni nchi ya watumishi wa umma. Wakuu wa mikoa 76 ni maofisa wa Wizara ya Mambo ya Ndani wanaohamishwa kutoka mkoa hadi mkoa, kwa namna ambayo msomaji wa Tanzania ataielewa kwa haraka. Ni Bangkok peke yake ambayo wakazi wake humchagua gavana. Waziri Mkuu akiondolewa leo mchana, kesho asubuhi forodha, uhamiaji, benki na mahakama za kawaida hufunguliwa kama jana. Bajeti na sera kubwa ndizo zinazochelewa, na wawekezaji wanalalamika kwa haki, lakini soko la vito la Chanthaburi halifungwi kwa hukumu ya Mahakama ya Katiba.

Chanthaburi, hata hivyo, inapakana na Kambodia, na hilo ni muhimu kwake kuliko habari zote za bunge. Mapigano ya mpakani yalipolipuka Julai 2025, kamanda wa jeshi wa eneo hilo alitangaza hali ya kijeshi katika wilaya saba za mkoa huo na moja ya mkoa jirani wa Trat. Hakuhitaji idhini ya bunge, kwani Sheria ya Hali ya Kijeshi ya mwaka 1914 inampa kamanda wa eneo mamlaka hayo, ikiwemo kukagua watu na magari. Kabla ya kusafiri, na tena kabla ya kutoka Bangkok kwenda mkoani, aulize hali ya siku hiyo kwa wafanyabiashara wenzake walio huko na aangalie matangazo ya ubalozi unaoihudumia nchi yake. Asiukaribie mpaka kwa ajili ya mawe ya bei nafuu.

Sehemu ambayo nilisema si ya mzaha ni kifungu cha 112. Adhabu yake ni kifungo cha miaka mitatu hadi 15 kwa kila kosa, na makosa huhesabiwa moja moja, ndiyo maana mwaka 2024 mahakama ya rufaa ilimhukumu kijana mmoja wa Chiang Rai miaka 50 kwa maandishi yake ya Facebook. Mtu yeyote anaweza kupeleka malalamiko polisi, si lazima awe ofisa wa kasri, na uraia wa kigeni si kinga: mwaka 2025 mwanazuoni wa Kimarekani aliyefundisha huko kwa miaka mingi alishtakiwa na jeshi la eneo lake, na ingawa waendesha mashtaka waliamua kutoendelea na kesi, alikwisha kupoteza kazi. Kwa hiyo mazungumzo ya kijiweni kuhusu mfalme yaishie kijiweni kwenu. Mdogo wako asiyaandike, asiyasambaze, asiyawekee alama ya kupenda, na hata wewe usimtumie kwenye simu yake akiwa huko, pamoja na makala haya. Mikutano ya kisiasa na maandamano, hata yakiwa ya amani na halali, ayapite mbali.

Mimi ninaeleza historia na taasisi. Siwezi kuchukua nafasi ya mwanasheria aliyesajiliwa Thailand. Yako mambo mawili ambayo anatakiwa kukutana na mtu kama huyo ana kwa ana. La kwanza ni kabla ya kuanza biashara, kuhusu aina ya viza na kibali cha kazi, kwa kuwa kuuza mawe kwa miezi si utalii, na sheria ya huko inawazuia wageni kufanya baadhi ya kazi, ikiwemo ukataji na usuguaji wa vito. La pili ni akiitwa au kushikiliwa na polisi kwa jambo lolote linalohusu maneno aliyoyasema au kuyaandika: atoe taarifa ubalozini, aombe mkalimani na mwanasheria, na asitie saini karatasi ya Kithai asiyoweza kuisoma, hata akiambiwa ni ya kawaida na kwamba ataondoka dakika hiyohiyo.